Kabureta Mbili za Marehemu Thadeo

Revocatus Magige wa Mugango ni mwoga, na sisemi hivi kumsengenya, maana hata ukimuuliza mwenyewe hakatai. Anaogopa radi. Anaogopa mamba, sawa, mamba kila mtu anamwogopa, lakini yeye anaogopa hadi kenge. Wenzake wakisukuma mitumbwi kwenda kuvua, yeye hubaki nchi kavu akianika dagaa za watu na kulima mihogo yake. Wakimcheka anawajibu kwamba kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Kisha anacheka pamoja nao na kuendelea na kazi.

Shujaa wa nyumba ile alikuwa kaka yake, Thadeo. Thadeo alikuwa na pikipiki kubwa ya Kijapani, ya zamani, aliyoachiwa na mapadre walipohama parokia. Ubavuni aliichomelea toroli la chuma lenye gurudumu lake, akatandika godoro, akaweka na kamba za kumshikilia mtu asidondoke. Bodaboda zimejaa Mugango, hilo halina ubishi, lakini mgonjwa asiyeweza kukaa utamfungaje nyuma ya bodaboda, kama kuku wa sikukuu? Aliyekuwa akiitwa ni Thadeo. Ndiye aliyemkimbiza Ursula, mke wa Revocatus, hospitali ya Butiama siku uzazi wake wa kwanza ulipokwama. Mtoto Eliasi akatolewa kwa kisu, mama akapona, na daktari akawaambia wote wawili bila kuzunguka: mimba nyingine ikija, usithubutu kuzalia nyumbani. Mshono ukiachia ndani, unaondoka na mtoto wako.

Miaka ikapita, mimba nyingine ikawa haijaja. Na Thadeo akafa.

Hakufa kwa ajali, kama watu walivyokuwa wakimtabiria. Ni presha. Aliinama kung'oa muhogo, hakuinuka tena. Wakamzika, na shangazi yao Nyangi, ambaye katika ukoo ule akishasema hakuna wa kuongeza, akatamka neno la siku zote: kitu cha marehemu hakiguswi mpaka ukoo ukae na kugawa. Sasa ukoo usingeweza kukaa bila ndugu mmoja aliyekuwa machimboni Geita, na huyo ndugu kila akiitwa anasema anakuja. Pikipiki ikafunikwa turubai nyuma ya nyumba, tanki limejaa petroli vilevile. Mvua zikanyesha zikaisha, watu wa Bunda wakapanda pamba, wakavuna, ndipo ndugu wa Geita akafika. Muda wote huo hakuna mkono uliogusa turubai lile. Nani angethubutu?

Siku ya kugawa, Shangazi Nyangi alimtazama Revocatus na kusema, "Pikipiki ni yako. Na kazi yake ni yako."

Revocatus alitaka kusema wampe mbuzi tu, au hata jembe. Lakini Ursula alikuwa amekaa pale kwenye mkeka na tumbo la mimba ya pili limeshaanza kuonekana, na watu wote walilitazama tumbo kisha wakamtazama yeye. Akasema, "Asante, Shangazi."

Kesho yake akaitoa mpaka barabara ya kwenda Kiabakari. Kuendesha alikuwa anajua, Thadeo alimfundisha kwa kumtukana. Akaipiga kiki mpaka shati likaloa, ikawaka kwa kukohoa moshi mweusi, akaondoka polepole na toroli tupu likigongagonga ubavuni. Mambo yakaenda vizuri mpaka alipozungusha resi kidogo ili apite mkokoteni wa ng'ombe. Akaupita. Akaachia resi ili apunguze, na pikipiki haikupunguza. Ikaongeza.

Jamani! Injini ililia sauti ambayo Revocatus hajawahi kuisikia hata kwa Thadeo. Mbuzi wakatawanyika, mama wa ndizi akakimbia akiacha ndizi zake, na yeye hajui breki iko wapi wala klachi iko wapi. Akafanya anachofanya mwoga yeyote: akaachia kila kitu, akafumba macho na kumwita Mungu. Pikipiki ikaacha barabara, ikaingia shamba la mihogo la watu, toroli likanasa kwenye tuta. Hapo ikasimama, lakini injini iliendelea kulia mpaka Mniko, fundi wa bodaboda mwenye kibanda pale barabarani, alipokuja mbio na kuchomoa waya wa plagi. Mniko alimkuta Revocatus amelala kifudifudi kwenye mihogo, mikono kichwani, mzima kabisa, akisema, "Nisamehe, kaka, nisamehe."

Kabla jua halijatua, Mugango nzima ilishajua nani alikuwa anaendesha. Ni Thadeo mwenyewe! Hakutaka mdogo wake aipande. Shangazi Nyangi akasema, "Wewe umechukua kitu cha mtu bila kumuaga." Basi Revocatus, ambaye Jumapili ndiye anayesoma masomo kanisani, akaenda kaburini mchana kweupe, akitazama huku na huku Padre asije akamwona, akasema kwa sauti ya chini, "Kaka, naazima tu. Ni kwa ajili ya Ursula. Unamjua Ursula."

Akarudi, akaiwasha ikiwa imesimama uani, akazungusha resi. Ikakwama tena. Aliizima, akaenda kukaa nyuma ya choo peke yake, na moyo wake ulikuwa unamwambia kitu kimoja tu: utamuua mke wako. Ukimpandisha kwenye kitu hiki utamuua.

Mniko ndiye aliyeleta njia ya kutokea. "Bro, sikiliza. Hii injini inanyweshwa mafuta na kabureta mbili. Ya kwanza ndiyo inakulaga mafuta siku zote. Ya pili inalala mpaka uvute resi ipite nusu, hapo ndiyo inaamka. Sasa shida yote ya nini? Tunatoa zote mbili, nakufungia moja ya bodaboda. Spea zipo kila duka. Jioni hii hii unaendesha, haikimbii na mtu tena."

Haikimbii na mtu tena! Revocatus alitamani kumkumbatia. Alikwenda nyumbani mwepesi kabisa, akamweleza mke wake kuhusu spea, jinsi zinavyopatikana kirahisi, jinsi mambo ya kisasa yalivyo bora. Ursula alikuwa anachambua dagaa kwenye ungo. Alimsikiliza mpaka mwisho.

"Na mlima wa Butiama, Baba Eliasi?"

"Itapanda. Polepole."

"Ikiwa na toroli?"

"Na toroli."

"Na mimi nikiwa ndani?"

Revocatus akashika dagaa, akaanza kuchambua naye. Ursula akarudi kwenye dagaa zake. "Mimi siijui kabureta," akasema. "Ila nakujua wewe. Nenda kamuulize yule mzee wa Bunda, aliyekuwaga anatengeneza pikipiki za mapadre. Akisema kama Mniko, nitanyamaza."

Wakaipakia kwenye lori la dagaa, pikipiki juu ya magunia na Revocatus juu ya pikipiki, mpaka Bunda. Mzee Apolinary alikuwa na gereji ya mabati karibu na kinu cha pamba, na nywele zake zilikuwa na nyuzi za pamba kama mtu aliyetoka kulala. Revocatus akamsalimu, "Shikamoo, mzee," mzee akaitika akiwa ameshaikumbuka pikipiki kabla hajamkumbuka mtu. Akazifungua zile kabureta mbili, akazilaza kwenye karatasi, akachokonoa ndani kwa njiti ya kiberiti. Njiti ikatoka na kitu cha kahawia, kizito, kinachonata.

"Ililala na petroli ndani?"

"Ililala, mzee."

"Muda mrefu?"

"Mwaka, karibu."

"Kwa nini hamkuimwaga?"

"Ilikuwa ya marehemu. Tulikuwa hatujagawa."

Mzee Apolinary akatikisa kichwa, lakini hakucheka. "Hata sisi. Trekta la baba yetu lilikufa hivyo hivyo, tunalitazama, kila mtu anaogopa kuwa wa kwanza kuligusa. Petroli ikikauka inakuwa gundi. Hii ya pili imeganda kabisa. Ukiiamsha haijui kulala tena. Na mpira wake wa ndani, unaoifungua na kuifunga, umepasuka, ona."

Kwa hiyo hakuwa Thadeo. Ilikuwa gundi tu. Unadhani Revocatus alifurahi? Hata kidogo. Marehemu unaweza kumwomba akakuonea huruma. Gundi utaiomba nini? Akauliza kwa sauti ndogo, "Ya Mniko vipi, ya kufunga moja ya bodaboda?"

"Inawezekana, wengi wanafanya. Na haitakushtua hata siku moja. Lakini hiyo ni pikipiki kubwa inayonyweshwa kwa kijiko. Tambarare itakwenda. Toroli lenye mtu kupanda Butiama, haitapandisha."

"Na ukitengeneza hizi za zamani?"

"Nikisafisha kila tundu, itapandisha. Mpira mpya sina, Mwanza hakuna, ila ninao mmoja niliutoa kwenye mzoga wa pikipiki kama hii. Haujatoboka, lakini si mpya. Siwezi kukuapia kwamba haitakwama tena. Nikikuapia nitakuwa muongo. Chagua."

Revocatus akatoka nje, akasimama kwenye jua kati ya malori ya pamba. Alijiona yuko barabarani na pikipiki inayokimbia yenyewe, Ursula ndani ya toroli akipiga kelele. Kisha akajiona yuko katikati ya ule mlima na pikipiki ya Mniko, injini imezimika taratibu, kimya, nyasi zinatikisika kwa upepo, na Ursula anavuja damu kwenye godoro bila kelele yoyote, na yeye amesimama pembeni hana cha kuzungusha. Huo ukimya ulimtisha kuliko kelele zote. Akarudi ndani karibu anakimbia.

"Tengeneza zote mbili, mzee. Tengeneza upesi kabla sijabadilika."

Siku ya kuichukua, mzee alimshika mkono, akauweka kwenye resi. "Ikikwama, usiachie. Watu wanaachia, wanangoja irudi yenyewe. Kuna waya wa pili hapa wa kuirudisha, Thadeo aliuacha ukakatika na mimi nimeufunga upya. Zungusha kurudi nyuma kwa nguvu, kama unamnyonga jogoo. Na kabla hujampakia mtu, weka mzigo kwenye toroli, nenda kilimani, vuta resi yote mpaka mwisho. Usipofanya hivyo, hutajua kama nimekutengenezea pikipiki au jeneza."

"Nitafanya, mzee."

Hakufanya. Alirudi Mugango nusu resi, kabureta moja tu ikifanya kazi, nzuri, tulivu, mpaka watoto wa baiskeli wakawa wanampita na kumpungia. Kila asubuhi alijiambia leo nitakwenda kilimani. Kila asubuhi kulikuwa na sababu: mvua, dagaa, matanga ya jirani. Mara moja alifika mpaka chini ya mlima wenyewe, akautazama, akageuza. Na Ursula alipouliza, "Umeijaribu mlimani?" akajibu bila kumtazama, "Imepanda vizuri sana."

Mpango ulikuwa Ursula aende mapema kusubiria kule kule hospitali, kama akina mama wengine. Begi lilishafungwa. Lakini mtoto hakuuliza mpango. Ilikuwa mchana, jua la utosi, Ursula anatoka kisimani, ndoo ikamdondoka. Revocatus alipofika alimkuta ameshika ukuta kwa mikono miwili. Kulikuwa na damu kwenye kanga. Si nyingi, lakini ilikuwepo.

"Washa," Ursula akasema.

Shangazi Nyangi na wanawake wa jirani wakamlaza kwenye godoro, wakafunga kamba. Shangazi alitaka kupanda naye, Ursula akakataa: uzito. Revocatus alipiga kiki akilia. Ndiyo, akilia, mbele za watu, mtu mzima. Wakaondoka.

Tambarare walikwenda vizuri. Kiabakari wakaipita. Ursula alikuwa anaguna kila uchungu ukija, halafu anamwambia, "Nipo," na Revocatus alikuwa anangoja lile "nipo" kama mtu aliyezama anavyosubiri pumzi. Kisha barabara ikainuka, wakauanza mlima.

Mwanzoni ikapanda. Halafu ikaanza kuchoka. Akapunguza gia. Ikachoka tena. Akapunguza tena. Resi iko nusu, palepale anapoijua, na kiganja chake kimegoma kupita hapo. Mwendo ukawa wa mtu anayetembea, kisha wa mgonjwa anayetembea. Nyuma yao mteremko, pembeni korongo. Ikizimika hapa, toroli litawavuta kurudi nyuma, na breki za Thadeo zilikuwa breki za mtu asiyependa kusimama.

"Mbona inakufa?" Ursula akauliza.

Revocatus akainama mbele, kana kwamba angeisukuma kwa kifua.

"Baba Eliasi, mbona inakufa?"

"Sijaijaribu!" Ilimtoka kama kilio. "Nilikudanganya, Mama Eliasi. Sijawahi kuivuta yote. Niliogopa. Naogopa hata sasa, ikikwama nitakuua, nitakuua mimi mwenyewe!"

Uchungu ukamshika Ursula, akauma kamba mpaka ukapita. Halafu akamwambia, kwa sauti ile ile ambayo humwambia alete kuni:

"Basi ijaribu sasa."

Revocatus akazungusha.

Kwa muda mfupi hakukuwa na kitu. Injini ikapaliwa, ikakohoa, toroli likarudi nyuma kidogo, na yeye akafikiri, nimemuua. Ndipo ile kabureta ya pili ikaamka. Pikipiki ikaunguruma kutoka chini kabisa, mawe yakaruka nyuma ya gurudumu, na mlima ukaanza kushuka chini yao. Revocatus alikuwa anapiga kelele pamoja na injini, hajui anasema nini. Ursula anaapa kwamba alikuwa anasali Salamu Maria kwa Kijita na kuchanganya na matusi ya Thadeo. Wakafika juu. Na pale juu, kwenye kona, barabara nzima ilikuwa imejaa ng'ombe wanaovuka.

Akaachia resi. Injini haikushuka.

Mwili wake wote ulitaka kufanya kama siku ile ya mihogo: kuachia, kufumba macho, kumwachia Mungu kazi. Vidole vilishaanza kufunguka. Lakini safari hii mke wake alikuwa pale ubavuni kwenye kamba, tumbo juu, akiwatazama ng'ombe wakikaribia. Revocatus akakamata resi na kuinyonga kurudi nyuma kwa nguvu zake zote, akahisi kitu ndani kinakataa, kinakataa, kisha kinaachia. Injini ikashuka. Breki zikashika kwa kulalamika. Wakasimama karibu na ng'ombe dume mwenye pembe pana, ambaye aliwatazama kwa dharau na kuendelea na safari yake.

"Nipo," akasema Ursula.

Hospitali walimpokea mbiombio na kumwingiza chumba cha upasuaji. Revocatus alibaki getini bado ameshika resi ya pikipiki iliyozimwa, kwa sababu vidole vilikataa kufunguka, mpaka muuguzi mmoja akaja kuvifungua kimoja kimoja. Akakaa kwenye benchi. Hakuna woga aliowahi kuupata uliofika nusu ya ule wa benchi, maana pale hapakuwa na resi wala breki ya kushika. Jua lilikuwa linaelekea kuzama muuguzi yule yule aliporudi na kumwambia kwamba ni msichana, mdogo lakini analia, na mama yake anauliza ng'ombe walipita wote?

Wakakaa Butiama mpaka mshono ukakauka. Siku ya kuruhusiwa, asubuhi, Ursula alimtafuta mume wake hakumwona. Akatoka mpaka mlangoni na mtoto kifuani. Nje, karibu na geti, Revocatus alikuwa anapakia mawe kwenye toroli. Mawe makubwa, moja baada ya jingine, anayalaza juu ya godoro na kuyafunga kwa kamba, na uso wake ulikuwa wa majivu kabisa.

Mlinzi wa getini alikuwa amemsimamia. "Mzee, mawe ya hospitali unayapeleka wapi?"

"Siyapeleki popote. Nashuka nayo mlima, napanda nayo, nayarudisha hapa."

"Kwa nini sasa? Si ulishafika salama?"

"Naogopa kurudi," akasema Revocatus. "Leo nataka kuogopa peke yangu kwanza."

Mlinzi akaangua kicheko, na wanawake waliokuwa kwenye veranda wakacheka pia. Ursula hakucheka. Alilitazama toroli, akayatazama mawe, akamweka mtoto vizuri begani.

"Ongeza moja, Baba Eliasi," akamwambia. "Sasa hivi tuko wawili."

Akaongeza.